Kabla hujauza sarafu ya nyanya

HEBU inuka kwanza uangalie. Juu ya kabati, chini ya kitanda cha nyanya, au katika ule mkebe wa vifungo na sindano ambao hakuna anayekumbuka ulinunuliwa lini, huenda kuna sarafu kuukuu ambazo watoto huzichezea na mama huzihamisha kila anapofagia. Ukizipata usizitupe, usizisugue, na tafadhali usimpigie mtu yeyote simu kabla hujamaliza kusoma makala haya.

Nasema hivyo kwa sababu ya yaliyoifika familia moja ya mtaa wa Makina, Kibera. Nyanya wa familia hiyo ni Mnubi, na umri wake umepita miaka 80. Kwa muda mrefu alihifadhi mkebe wa Kasuku uliokuwa na sarafu 30 na ushei. Nyingi zilikuwa shilingi na senti za enzi ya ukoloni, pamoja na zile zenye tundu katikati. Sita zilikuwa rupia za fedha, sehemu ya mshahara wa mwisho wa babu yake, aliyekuwa askari wa jeshi la King's African Rifles, maarufu kama KAR. Rupia ya saba hakuiweka mkebeni. Aliifunga kwenye pindo la leso na kutembea nayo.

Mjukuu wake, kijana wa miaka 19, anaishi na mamake Kawangware, upande wa Gatina. Siku moja aliona tangazo katika simu yake. Lilisema kuna mnunuzi wa ng'ambo anayetafuta shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 1952, na kwamba yuko tayari kuilipia Sh3 milioni. Picha iliyoambatanishwa ilikuwa sawa kabisa na shilingi moja katika mkebe wa nyanyake. Kijana alipiga simu. Sauti tamu ilimpongeza na kumweleza kuwa kilichobaki ni kidogo tu: alipe Sh4,500 za cheti cha kuthibitisha kwamba sarafu ni halali.

Hakuwa nazo. Siku iliyofuata alikwenda Makina kumwamkia nyanyake, akala chakula cha mchana, na alipoondoka rupia sita zilikuwa mfukoni mwake. Sonara alizipima kwenye mizani na kumlipa kwa gramu. Kijana akatuma ada ya cheti kwa simu. Baada ya saa mbili akaambiwa atume tena, mara hii ya ushuru wa uwanja wa ndege. Aliposema hana, simu ya mnunuzi ikazimwa, na haijawahi kuwashwa tena.

Sasa tazama hasara ilivyokuwa, msomaji. Zile rupia sita alizouza zilikuwa za fedha karibu tupu. Ile shilingi aliyobaki nayo haina fedha hata chembe, na zilizofanana nayo zilitengenezwa kwa mamilioni. Aliuza cha maana ili apate ada ya kisicho na bei.

Nilipomtembelea nyanya, nilidhani nitamkuta na hasira. Alinikaribisha kwa chai ya tangawizi na kunieleza polepole. "Mwanangu, mimi sikulilia pesa," aliniambia. "Nililia kwa sababu mtoto hakujua zilikuwa za nani. Na angejuaje? Mimi mwenyewe sikuwahi kumwambia."

RUPIA ZILIFIKAJE KIBERA?

Wazee wa Kibera husema jina la mtaa wao limetokana na neno la Kinubi kibra, lenye maana ya msitu. Walioupa jina hilo walikuwa askari wenye asili ya Sudan, waliotumikia jeshi la Waingereza na kuruhusiwa kujenga mahali hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati huo Nairobi yenyewe ilikuwa changa. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka wa 1899, na kwa kuwa maelfu ya vibarua wake walitoka India, na biashara ya pwani ilikuwa imeshikamana na Bombay, pesa zilizotumika zilikuwa rupia za India.

Rupia hiyo ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 917 zilikuwa fedha. Upande mmoja ulikuwa na sura ya mtawala wa Uingereza: Malkia Victoria, kisha Edward wa Saba, kisha George wa Tano. Ukiitazama kwa makini utapata mambo ya kuchekesha. Katika rupia ya mwaka wa 1911, vazi la Mfalme George lilikuwa na nishani yenye umbo la ndovu. Lakini mchongaji alimfanya ndovu huyo mkonga mfupi na miguu mifupi, na watu India wakaona ni nguruwe. Waislamu walilalamika, nyingi za sarafu hizo zikayeyushwa, na mwaka uliofuata ndovu akachorwa upya.

Mbona basi leo hatulipani kwa rupia? Sababu ni kisa ambacho kila mwanafunzi wa historia anapaswa kukijua, maana hakikuwa cha mabenki pekee. Kwa miaka mingi rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya fedha ilipanda, na rupia ikapanda nayo. Mwaka wa 1920 serikali ya kikoloni iliamua rupia iwe sawa na shilingi mbili za Uingereza, yaani rupia 10 kwa pauni. Ikaletwa sarafu mpya iitwayo florini, lakini haikudumu. Shilingi ya Afrika Mashariki, yenye mwaka wa 1921 usoni, ikachukua nafasi yake.

Hebu piga hesabu. Mlowezi aliyekuwa amekopa rupia 1,500 alikuwa na deni la pauni 100. Kwa uamuzi huo deni lake likawa pauni 150. Walowezi walipiga kelele, kisha wakatafuta wa kumtwika mzigo. Mwaka wa 1921 walikubaliana kupunguza mishahara ya wafanyakazi Waafrika kwa thuluthi moja.

Hapo ndipo alipojitokeza Harry Thuku, kijana aliyekuwa mpokeaji simu katika idara ya hazina ya serikali hapa Nairobi. Alipinga kupunguzwa kwa mishahara, kodi ya nyumba na kipande. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Mnamo Machi 16 risasi zilifyatuliwa na zaidi ya watu 20 wakauawa, miongoni mwao Mary Muthoni Nyanjiru. Ukishika rupia ya mwisho na shilingi ya kwanza katika kiganja kimoja, umeshika mwanzo wa kisa hicho.

SIMBA, TUNDU NA MFALME

Shilingi hiyo mpya ilikuwa na simba aliyesimama mbele ya milima. Sarafu hiyo inaweza kukupumbaza, kwa sababu simba hakubadilika ilhali madini yalibadilika. Shilingi za kuanzia mwaka wa 1921 hadi 1946 zilikuwa robo fedha, ambayo ni chini ya gramu mbili kwa kila sarafu. Kuanzia zile za 1948 ziliundwa kwa shaba na nikeli pekee. Ile ya mjukuu wetu ilikuwa ya 1952. Angejua jambo hili moja, asingepoteza hata senti.

Angalia pia maandishi yanayomzunguka mfalme. Katika sarafu za awali za George wa Sita kuna herufi IND:IMP, kifupi cha maneno ya Kilatini yanayosema kuwa yeye ni mtawala mkuu wa India. India ilipata uhuru mwaka wa 1947. Itafute shilingi ya 1948 na utaona maneno hayo yameondolewa. Milki ilikuwa imeanza kubomoka, na habari hiyo ilifika hadi mfukoni mwa mchuuzi wa Nairobi.

Senti moja, tano na kumi zilikuwa na tundu katikati, na pembe za ndovu zikilizunguka. Tundu hilo liliwafaa watu wasio na mifuko, kwani waliweza kuzitunga sarafu kwenye uzi na kuzivaa au kuzining'iniza. Lilizua pia jambo la ajabu. Mwaka wa 1936 Uingereza ilikuwa na mfalme aitwaye Edward wa Nane, aliyeacha ufalme Desemba mwaka huohuo, kabla hajavikwa taji. Huko kwao sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa zitumike. Lakini senti zetu za tundu hazikuhitaji sura, zilihitaji jina tu. Kwa hivyo senti tano na senti kumi za 1936 zenye jina la Edward wa Nane zilitengenezwa na zikatumika huku kwetu kununulia chumvi na kiberiti.

Nyanya wa Makina anayo moja. Alipoimimina mezani pamoja na nyingine, mjukuu wake aliisoma mara mbili kisha akauliza kama hiyo ndiyo ya mamilioni. Hapana. Zilitengenezwa nyingi mno, na mkusanyaji wa sarafu huipata kwa bei ndogo. Kisa chake ni kikubwa, bei yake ni ya kawaida.

SARAFU KATIKA ULIMI

Hata kama nyumbani kwenu hakuna mkebe, msomaji, unazo sarafu za kale ulimini. Unaposema "sina hata ndururu", unataja senti tano. Mtanzania anaposema hana hela, anaitaja heller, sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoanza kutolewa mwaka wa 1904 walipokuwa wakitawala Tanganyika. Wazee wetu wakisema pauni wana maana ya shilingi 20, na hata bajeti ya Kenya iliwahi kusomwa kwa pauni kwa miaka mingi.

Je, thumuni? Sote tunajua ni senti 50, lakini kwa Kiarabu neno hilo lina maana ya sehemu ya nane. Nane ya nini? Ya reale. Hiyo ilikuwa sarafu kubwa ya fedha iliyotumika pwani kabla ya rupia kushika nguvu. Reale moja ilihesabiwa kuwa rupia mbili na kidogo. Rupia ilipogeuzwa kuwa shilingi mbili, thumuni ya reale ikaangukia kwenye senti 50, na jina likabaki.

Na reale zilitoka wapi? Nyingine zilitoka mbali kuliko unavyodhani. Mwaka wa 1545 Wahispania walianza kuchimba fedha katika mlima wa Potosi, katika nchi ambayo leo ni Bolivia, Amerika Kusini. Sarafu za fedha zilizotengenezwa Potosi, Lima na Mexico zilisambaa duniani kote, zikavuka bahari hadi Bara Hindi na Uarabuni, na kufika katika masoko ya pwani yetu. Nyingi zilichorwa nguzo mbili, nembo ya wafalme wa Uhispania. Waswahili walipozitazama nguzo hizo hawakuona nguzo, waliona mizinga. Wakaziita reale ya mzinga. Sarafu ilichimbwa na watu wengine, ikachorwa na watu wengine, lakini jina tuliipa sisi.

UZEE PEKEE HAUTOSHI

Turudi kwa swali linalomsumbua kila mwenye mkebe: ni pesa ngapi? Jibu linategemea mambo matatu, na uzee si mojawapo.

La kwanza ni uchache. Mwaka wa 1916 Wajerumani, waliokuwa wamezingirwa vitani, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli huko Tabora. Zilikuwa kama 16,000 tu, na zina picha ya ndovu mbele ya mlima. Hizo hutafutwa sana. Shilingi ya 1952 haiwezi kulingana nazo hata ikifikisha miaka 200.

La pili ni hali yake. Wakusanyaji hutaka sarafu ambayo maandishi yake hayajafutika na ambayo haijasuguliwa. Nyanya alinieleza kwa fahari kwamba kila Idi alizisugua rupia zake kwa jivu hadi zing'ae. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba jivu hilo lilikuwa likila uso wa Mfalme George mwaka baada ya mwaka.

La tatu ni wanunuzi. Kitu hakina bei kama hakuna watu wawili wanaokigombea. Wala usidanganywe na mwaka ulioandikwa. Ile reale ya Maria Theresa wa Austria ina mwaka wa 1780, lakini iliendelea kutengenezwa kwa mwaka huohuo muda mrefu baada ya malkia huyo kufariki.

Tena, bei ni kitu kimoja na thamani ni kingine. Mwaka wa 2010 wanaakiolojia waliokuwa wakichimba Mambrui, karibu na Malindi, walipata sarafu ya Kichina ya Mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Mwaka wa 2013 ikatangazwa kwamba nyingine imepatikana kisiwani Manda. Ni vipande vidogo vyenye tundu la mraba, lakini ni ushahidi wa uhusiano wa pwani yetu na Uchina miaka 600 iliyopita. Kama mtu angezikota na kuziuza kimya kimya, ushahidi huo ungepotea, kwa kuwa hakuna ambaye angejua zilitoka ardhini wapi.

UANZE VIPI?

Hauhitaji mtaji. Anza na chenji ya matatu. Tafuta sarafu za Mzee Kenyatta za 1966 hadi 1968, ambazo hazina maandishi kuzunguka sura yake, halafu uzilinganishe na zile za kuanzia 1969, zinazomtaja kuwa Rais wa kwanza. Ongeza za Moi. Ongeza ile ya shilingi 40 yenye sura ya Kibaki, iliyotolewa mwaka wa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Kisha weka zile za Desemba 2018 zenye twiga, kifaru, simba na ndovu. Mwulize mtoto wako mbona hazina sura ya rais. Jibu ni kwamba Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye pesa zetu. Hilo peke yake ni somo la uraia.

Ukitaka za zamani, pita polepole katika soko la Toi, kwa wale wauzao kufuli, saa na vijiko vya mitumba. Usichelewe sana. Kibera kuna mafundi stadi wanaoyeyusha mabomba na kufuli za shaba kutengeneza vipuli na bangili, na mmoja aliniambia kwamba moto haujui senti wala kufuli. Simlaumu. Yeye ana watoto wa kulisha, na sisi ndio tuliomuuzia.

Shika sarafu kwa ukingo. Usiioshe kwa sabuni, limau wala jivu. Iweke ndani ya bahasha ndogo ya karatasi, mahali pakavu, si katika mfuko wa plastiki. Juu ya bahasha andika mwaka, nchi, ilikotoka na ilikuwa ya nani. Hayo mawili ya mwisho ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu mwaka umeandikwa kwenye sarafu, lakini jina la babu halijaandikwa popote.

Kuhusu wanunuzi, kumbuka kanuni moja: mnunuzi wa kweli hukupa pesa, hakuombi pesa. Anayetaka ada ya cheti, ya usajili au ya ushuru kabla hajaiona sarafu yako ni mlaghai, hata kama anazungumza kama mchungaji. Kumbuka pia kwamba kwa sheria ya mwaka wa 2006 ya Makumbusho ya Taifa, vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 ni mali ya kale, na huwezi kuvisafirisha nje bila kibali. Ukiokota kitu cha aina hiyo ardhini, toa habari kwa Makumbusho.

Nilimkuta yule kijana Kawangware, ameketi nje ya nyumba yao. Aliona aibu mwanzoni. Kisha akaingia ndani na kurudi na daftari la shule. Alinieleza kwamba tangu siku ile huenda Makina kila Jumamosi, na nyanyake humtolea sarafu moja kwa wakati, amweleze, naye aandike. Sonara alikwisha kuziyeyusha zile sita. Kwa wakusanyaji hazikuwa adimu, kwani rupia za miaka ile zilitengenezwa kwa wingi. Lakini katika familia ile zilikuwa sita tu, na haziwezi kurudi.

Ukurasa wa kwanza wa daftari una mstari mmoja tu, ulioandikwa kwa mwandiko wa kujitahidi: "Rupia moja, 1918. Ya babu wa nyanya, askari wa KAR. Imo katika leso."

Nawe je, msomaji? Jumapili ndiyo hii, na pengine nyanya yuko hapo hapo sebuleni. Mletee mkebe wake umuulize, naye akianza kusimulia, uwe na kalamu mkononi.